Land Rover na Land Cruiser za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kushusha injini

Maswali haya huulizwa nje ya gereji za Unga Limited hapa Arusha, huulizwa baada ya ibada, na huulizwa kwa simu saa nne usiku na mtu aliyeona tangazo la "109 inatembea, bei maelewano". Nimeyakusanya kwa sababu nimechoka kuyajibu nusunusu. Mimi mwenyewe nina Land Rover 109 ya Series III, na kwa miaka kadhaa nilimsaidia jirani kufufua Land Cruiser ya familia kule Tengeru. Mengi ya humu nimeyajua kwa kukosea.

## Kabla ya kutoa hela

1. Tunapozungumzia gari la zamani, tunazungumzia magari gani hasa?

Kwa Arusha na Moshi ni makundi mawili. La kwanza ni Land Rover za Series: ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na Series III, ambayo ndiyo iliyobaki kwa wingi huku kwetu, ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 88 na 109 ni urefu kwa inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Jina Defender lilikuja 1990.

La pili ni Land Cruiser za 40 zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, pamoja na ndugu zake warefu wa 45 na 47. Za 70, ambazo watu huziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni, zilianza 1984 na bado zinatoka kiwandani, kwa hiyo mkonga wa 1991 ni mzee lakini spea zake zipo kila duka.

2. Nichukue Land Rover au Land Cruiser?

Ukitaka kusafiri nalo, Land Cruiser. Ukitaka kukaa nalo, kulishika na kulielewa, Land Rover. Arusha ni mji wa Land Cruiser siku za kazi, maana kampuni za utalii karibu zote zinazitumia na mafundi wanazijua wakiwa usingizini. Lakini Oktoba 2024 tamasha la Land Rover lilipofanyika hapa mjini, tuliona 109 zikitoka vichakani na mashambani ambazo hakuna aliyejua kama bado zipo.

Tofauti ya kivitendo ni hii: Land Rover ya Series ina bodi ya aluminiamu na chesisi ya chuma, nati za inchi, na kila kitu kinafunguka. Land Cruiser ya 40 ni chuma kitupu, nati za milimita, injini ngumu zaidi, lakini bodi ikianza kuoza inaoza kwelikweli.

3. Nitajuaje kama gari linafaa kufufuliwa au ni la kuchukua spea tu?

Angalia chesisi kwanza, injini mwisho. Watu hufanya kinyume: wanawasha, wanasikia inanguruma, wanatoa hela. Injini mbovu unanunua nyingine. Chesisi iliyooza ni sawa na kununua gari jipya kwa vipande.

Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Kwenye Land Rover gonga zaidi boriti ya nyuma, masikio ya springi na mikono inayobeba bodi, kisha fungua mazulia uone sakafu ya miguu chini ya dashibodi, maana ukuta ule ni wa chuma na unaoza. Kwenye Land Cruiser angalia chini ya milango na kona za nyuma. Ukiona puti nene au lami nyeusi mpya imepakwa chini ya gari zima, kuna kitu kinafichwa.

Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa Tanga au Zanzibar limekula chumvi. Lililofanya kazi Natron au ndani ya kreta limekula magadi, na magadi nayo hayana huruma (tazama swali la 20).

4. Muuzaji anasema kadi imepotea lakini "itapatikana". Ninunue?

Hapana. Ipatikane kwanza.

## Mpango, fedha na fundi

5. Nianze na nini?

Mpangilio ninaoufuata, na ambao fundi wangu amechoka kunisikia nikiurudia, ni: lisimame, ligeuke, lipoe, liende, lipendeze. Yaani breki, kisha usukani na springi, kisha mfumo wa kupoza, kisha injini na gia boksi, na rangi mwisho kabisa.

Na kanuni ya pili: rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuboresha chochote. Mtu anasema breki za Land Rover ni mbovu, anataka diski. Ukifungua unakuta silinda za magurudumu zinavuja, viatu vimelowa oili na hakuna aliyerekebisha nafasi yake tangu enzi za Mwalimu. Tengeneza kilichopo, endesha mwezi mmoja, halafu useme kama bado unataka kingine. Nusu ya maboresho ninayoulizwa hufa hapo.

6. Niweke bajeti kiasi gani?

Bei zinabadilika, kwa hiyo sitaji tarakimu zitakazokuwa uongo mwakani. Fanya hivi: tembea na daftari, andika kila kazi, omba bei ya spea na ya ufundi kando kando, jumlisha, kisha ongeza theluthi. Theluthi hiyo italiwa. Kufungua kitu kimoja kwenye gari la miaka 45 ni kufungua vitu vitatu: bolti zinakatika, bomba la breki linakatika na bolti, na sili uliyosema bado nzima inaanza kuvuja usiku huo huo.

Kama fedha hazitoshi kumaliza, gawa kazi kwa hatua ambazo gari linaweza kutembea katikati yake. Gari lililovuliwa lote na kungoja hela ndilo linalogeuka banda la kuku.

7. Wakati gani wa mwaka ni mzuri?

Aprili na Mei, masika yakinyesha na wageni wakiwa wachache, kampuni za utalii huingiza magari yao gereji kwa pamoja. Julai hadi Septemba fundi mzuri anakimbizana na magari yaliyokwama Serengeti. Mimi hupeleka kazi kubwa mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Kazi ya rangi usiifanye mvua ikinyesha, hasa gereji isiyo na paa.

8. Nikubalianeje na fundi ili tusigombane?

Kwa maandishi, hata kama ni fundi wa familia. Orodha ya kazi, bei ya ufundi kwa kila kazi, na nani ananunua spea. Toa hela ya spea, shika hela ya ufundi hadi gari litembee. Piga picha kila kitu kabla hakijafunguliwa, na namba ya injini, betri, altaneta na stata ziwe kwenye picha hizo.

Nililiacha gari langu gereji moja, silitaji, kwa "wiki mbili, bosi". Miezi minane baadaye nililikuta limegeuzwa kivuli cha mafundi kula chakula cha mchana, stata haipo, na kila niliyemuuliza alikuwa ameanza kazi juzi. Tangu hapo napita kila Jumamosi na soda, sipigi simu kwanza. Pia naomba spea za zamani zirudi kwangu. Siyo kwa kumshuku mtu: spea ya zamani ndiyo sampuli ya kununulia nyingine.

9. Spea nazipata wapi, na nitajuaje kama ni feki?

Za Land Cruiser za 70, Arusha hapa hapa. Za Land Cruiser 40 na Land Rover za Series utaanza Arusha, utapiga simu Gerezani Dar es Salaam, na mara nyingi utaishia Nairobi, ambako magari haya ni mengi. Ukivuka Namanga na spea, zitangaze forodhani. Vingine, hasa vya Land Rover, bado vinatengenezwa Uingereza na vinaagizwa.

Usiende dukani kusema "nataka bushi za Land Rover". Nenda na sampuli na namba ya spea. Toyota hutumia tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano, na kwa namba ya chesisi muuzaji makini ataipata. Kwa Land Rover kuna mtego mmoja: injini za lita 2.25 zilikuwa na beringi tatu kubwa za krenki hadi 1980, halafu zikawa tano. Ukinunua seti bila kuangalia, umenunua pambo.

Feki zaidi ni filta, beringi na raba za breki. Kwenye hivyo vitatu usibane hela. Taa, vioo, vitasa, nunua vya mtumba.

## Breki, usukani, springi na matairi

10. Breki za ngoma zinatosha kushuka Ngorongoro?

Zinatosha zikiwa nzima na dereva akijua kutumia gia. Barabara ya kuingia kreta inashuka mita 600 hivi kutoka ukingo ulio kwenye mita 2,300. Anayeshuka na gia ya tatu huku amekanyaga breki njia nzima anafika chini ngoma zinatoa moshi. Ingiza gia ndogo ya fowili, yaani magurudumu yote manne yakivuta, kabla ya kuanza kushuka. Kwenye Land Rover ya Series ni ule mkono mwekundu. Ule mdogo wa njano ni fowili ya gia kubwa.

Kwa matengenezo: fungua magurudumu yote manne siyo mawili. Badilisha silinda zinazovuja, pima ngoma kama zimeliwa kupita kiasi au hazina duara, badilisha mabomba ya raba yote hata yanayoonekana mazima, kwa sababu yanaoza kwa ndani na kuziba. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na yenye maji yanachemka upesi. Yamwage yote kila baada ya miaka miwili.

Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba Land Rover nyingi za Series zina mfumo mmoja wa breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Ukitaka boresho moja tu kwenye gari zima, liwe hili: mastasilinda ya njia mbili pamoja na busta, kama walivyofunga kiwandani kwenye matoleo ya baadaye. Kwa Land Cruiser 40, za miaka ya mwisho baadhi zilitoka na diski mbele, na diski hizo zinaweza kuhamishiwa kwenye gari la miaka ya kabla yake na fundi anayejua.

Tahadhari moja: viatu vya zamani vilikuwa na asbesto. Asipulize mtu vumbi la ngoma kwa kompresa. Lioshe kwa maji.

11. Usukani unacheza robo mzunguko. Ndivyo Land Rover zilivyo?

Ndivyo Land Rover zilizochakaa zilivyo. Mweke mtu ageuze usukani kushoto na kulia, wewe lala chini uone nini kinachelewa kusogea: tairodi, stelingi boksi, au kingpini. Kwa kawaida ni tairodi, kazi ya siku moja. Stelingi boksi ina skrubu ya kukaza, lakini ikikazwa sana usukani haurudi katikati wenyewe baada ya kona, na hilo ni baya kuliko kucheza.

12. Niongeze pleti kwenye springi ili gari linyanyuke?

Unabeba nini? Kama ni mahindi kutoka shambani Karatu, ongeza. Kama ni familia ya watu watano, gari litaruka kama mbuzi kwenye barabara ya mawimbi na utasumbuka mgongo. Springi za zamani mara nyingi hazijalegea. Zimeshikana kwa kutu na bushi zimekufa. Zishushe, zitenganishwe, zisuguliwe, zipakwe grisi, bushi mpya, shokapu mpya. Zilizolala kabisa hukunjwa upya na mafundi wa springi. Bolti za yu zikazwe tena baada ya kilomita 500, kwa sababu zote hulegea.

Kunyanyua gari kupita inchi mbili kunabadilisha pembe za propela shafti, na krosi zitakuwa zinakufa kila msimu. Sijaona barabara kati ya hapa na Loliondo inayohitaji zaidi ya hapo.

13. Matairi makubwa je?

Saizi ya 7.50R16 ndiyo 109 ilikuja nayo, ndiyo Land Cruiser nyingi za safari zinazotembelea, na inapatikana hata Mto wa Mbu. Kimo chake ni inchi 32 hivi. Ukifunga ya 35, mwendo wa kwenye dashibodi unadanganya: unasoma 80, unakwenda 87, na trafiki anasoma chake. Injini ambayo ilikuwa dhaifu inakuwa dhaifu zaidi, na breki vilevile.

Kuhusu rimu zenye ringi ya kufungua: zina faida porini kwa sababu unaziba pancha mwenyewe, lakini ringi ikikaa vibaya inaruka kama risasi wakati wa kujaza upepo. Ijazwe tairi ikiwa imefungwa mnyororo au imelala chini ya gari, na hakuna mtoto karibu.

## Injini na kupoza

14. Gari langu linachemsha likipanda. Fundi ametoa themostati lakini bado.

Arudishe themostati. Kuitoa ndiyo dawa ya kienyeji iliyoua injini nyingi mjini hapa. Bila themostati injini inakuwa baridi asubuhi na inakula mafuta, na mlimani inachemsha vilevile.

Fuata mnyororo huu kwa mpangilio. Kwanza kifuniko cha rejeta, ambacho ni cha bei ndogo na hupuuzwa. Arusha iko mita 1,400 hivi, na maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukingoni Ngorongoro ni 92 hivi. Presha ya kifuniko ndiyo inayokuongezea nafasi. Kikiwa kimekufa, huna nafasi. Pili feni belti na ule mfuniko wa plastiki au bati unaozunguka feni, ambao mara nyingi umetupwa. Tatu rejeta yenyewe: shika sehemu mbalimbali injini ikiwa imezimwa lakini ya moto, penye ubaridi pameziba. Rejeta za shaba hutengenezwa upya kwa kubadilishiwa kiini, usikubali ya plastiki haraka. Nne pampu ya maji. Tano, na hapo ndipo hofu ianze, gasketi ya silinda hedi: mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, au oili yenye rangi ya maziwa.

Usijaze maji ya bomba wala ya kisima. Maji yale yanayotupaka meno rangi ya kahawia hayafai kukaa ndani ya injini miaka kumi. Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi ya mvua au yaliyotakaswa.

15. Linakosa nguvu milimani. Niongeze mafuta kwenye pampu?

Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo ukingoni mwa kreta zaidi ya moja ya tano imeshaondoka kabla hujalaumu mtu. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ilitoka na nguvu za farasi 70 hivi ikiwa mpya, pwani. Mvumilie mzee.

Kumwambia fundi "afungue pampu" ya dizeli huku hewa ni haba kunakupa moshi mweusi, joto na bili. Safisha filta ya hewa, badilisha ya dizeli, peleka nozeli zikapimwe, na kwenye petroli angalia plagi, platini na kabureta. Vumbi la Engaruka linaziba filta kwa siku moja.

16. Ni lini injini inahitaji ovahoo kweli?

Ikipimwa kompresheni na vipimo vikasema hivyo. Moshi wa bluu unaweza kuwa sili za valvu tu. Injini ikiwaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke mdogo ni kawaida, moshi unaopuliza kwa mapigo kama treni ni ringi. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko gharama ya kushusha injini nzima bila sababu, na bado mtu anayepima ni mmoja kati ya kumi.

Injini ikishushwa, hedi isagwe na ipimwe nyufa kwenye warsha yenye mashine, siyo kwa macho.

17. Injini ya zamani ya petroli inahitaji mafuta yenye risasi. Nifanyeje?

Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, kwa hiyo gari lako limeshaishi bila hiyo karibu miaka ishirini. Kinachoweza kuumia ni viti vya valvu za kutolea moshi. Pima nafasi za valvu mara kwa mara. Zikiwa zinapungua kila ukipima, viti vinaliwa. Siku hedi ikiwa nje kwa sababu nyingine, omba viti vigumu viingizwe. Usiitoe kwa sababu hiyo peke yake.

18. Nifunge injini ya dizeli ya Toyota kwenye Land Rover yangu?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na kila anayeuliza ameshaamua. Inawezekana, zimefungwa nyingi, na baadhi zinatembea vizuri. Kabla hujaenda huko, fahamu unachobadilisha.

Gia boksi ya Series na hafushafti zake zilichorwa kwa injini dhaifu. Injini yenye mvuto mkubwa itazikata, na hafushafti hukatika pale pale unapoihitaji, kwenye korongo. Difu za Series ni za 4.7 (propela shafti inazunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), kwa hiyo gari linapiga kelele kufika 80. Land Rover za baadaye zenye springi za koili, Discovery na Defender, zina difu za 3.54, ndiyo maana wanaofunga injini ya dizeli ya 200Tdi ya Discovery hubadilisha na difu. Halafu kuna mabano ya injini, pedali ya klachi, rejeta kubwa zaidi, bomba la moshi, uzito wa mbele kwenye springi, na breki zile zile za 1975. Kila kimoja ni wiki.

Ushauri wangu: ukitaka dizeli ndani ya Land Rover, 200Tdi au 300Tdi ni za ukoo mmoja na zinaingia kwa mapambano machache. Ukitaka 1HZ, ile dizeli ya Toyota, nunua gari lililozaliwa nayo. Kwa Land Cruiser 45 na 47 hali ni nyepesi zaidi. 1HZ inawekwa, ila chukua injini, gia boksi na mabano vikiwa pamoja kutoka gari moja. Ukiamua, soma pia swali la 23.

19. Tabo kwenye 1HZ?

Injini hii ya lita 4.2 imetoka kiwandani tangu 1990 bila tabo, na imejengwa kwa vyumba vidogo vya kuanzia mwako ndani ya hedi. Ukiisukumia hewa na mafuta mengi, joto linapasua hedi hapo hapo. Tabo ya presha ndogo, na kipimo cha joto la moshi dereva akione, zimedumu kwa watu wenye mguu mwepesi. Mguu mwepesi siyo sifa ya anayetaka tabo. Hela hiyo badilishia kwanza mkanda wa taiming, ambao kila kilomita 100,000 unatakiwa uondoke, na ambao muuzaji wako hajui ulibadilishwa lini.

## Bodi, umeme na vya kuongeza

20. Nizuieje kutu baada ya safari za magadi?

Osha chini ya gari siku hiyo hiyo, kwa presha, ndani ya chesisi pia kupitia matundu yake. Kwenye Land Rover, aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na unyevu inageuka unga mweupe. Ukifungua mabati, weka raba au rangi nene katikati kabla ya kufunga. Ndani ya chesisi puliza nta au grisi iliyoyeyushwa. Oili chafu ya injini, ambayo wengi wanapaka, inaozesha bushi na inashika vumbi.

21. Umeme wangu unachanganya. Nibadilishe waya zote?

Kwanza ujue gari ni la namna gani. Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zina chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ukiliunga na betri ya jirani bila kuangalia, utaona cheche. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka soko la Japani ni za volti 24. Angalia betri na balbu.

Waya zilizounganishwa kwa selotepu na mafundi wanne tofauti hazitengenezeki. Chora mpya, weka fyuzi nyingi, kwa sababu za Series zilikuja na chache mno, na taa za mbele zipite kwenye relei. Dainamo ibadilishwe na altaneta. Friji na chaji za simu ziwe na betri yao.

Ukichomelea chochote kwenye gari, ondoa betri na waya za altaneta. Na kwenye Land Rover za Series kumbuka tanki la mafuta mara nyingi liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe nje ya gereji kabisa, siyo kufunikwa na gunia.

22. Winchi, mkonga, keria, paa la kufunguka: kipi cha kwanza?

Jembe, jeki ndefu na kamba nzuri. Mkonga unasaidia kwa vumbi kila siku kuliko kwa maji mara moja kwa mwaka, mradi viungo vyake visiwe na tundu. Winchi ni uzito mbele na betri kubwa. Keria iliyojaa juu ya 109 ndiyo inayoziangusha kwenye kona. Paa la kufunguka Arusha linatengenezwa vizuri, lakini ukikata paa umeondoa sehemu ya nguvu ya bodi, kwa hiyo fremu ya ndani iwe imepimwa na kuchomelewa kabla ya kukata.

## Yasiyo ya kila siku

23. Nikibadilisha injini au rangi, kadi inabaki ilivyo?

Hapana. Kadi ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Peleka mabadiliko TRA ukiwa na risiti ya injini na uthibitisho kwamba haina mwenyewe mwingine. Bima nayo itumie taarifa mpya. Ajali ikitokea, namba isiyolingana inaweza kuwa sababu ya bima kukataa kulipa.

24. Mzungu anaondoka, anauza Land Rover yake aliyotoka nayo Ulaya kwa bei ya kutupa. Nichukue?

Uliza liliingiaje nchini. Likiwa limeingia kwa kibali cha muda, linatakiwa litoke au lilipiwe ushuru, na umri wa gari unaongeza ushuru huo. Bei ya kutupa inaacha kuwa ya kutupa ofisini. Malizeni hayo kabla ya kushikana mikono.

25. Nilifufue ili nibebe watalii?

Uliza kwanza masharti ya leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA, na ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kisha ndipo utengeneze gari. Wengi wanaanza na gari.

26. Viti vya nyuma vya kukaa ubavuni havina mikanda. Nina watoto.

Badilisha viti vitazame mbele, na mikanda ishikwe kwenye chesisi au kwenye bamba nene la chuma chini ya sakafu. Bolti iliyofungwa kwenye aluminiamu tupu inang'oka na bati lake. Hapa uasili wa gari hauna hoja.

27. Gari la marehemu mzee limekaa shambani Kibosho miaka kumi. Niliwasheje?

Usiliwashe. Usilisukume hata kidogo na trekta huku gia imeingia, kama shemeji yako anavyopendekeza.

Mwaga oili uone kama kuna maji. Toa mafuta yote ya tanki, petroli ya miaka kumi ni gundi. Toa plagi au nozeli, mimina vijiko viwili vya oili kila silinda, acha siku mbili, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye krenki. Ikizunguka, endelea: oili mpya, filta mpya, maji, betri, na uzungushe kwa stata bila plagi hadi presha ya oili ipande. Ikikwama, ongeza oili na subiri, usilazimishe kwa bomba refu. Fungua ngoma za breki, zitakuwa zimeshikana. Angalia panya kwenye waya na nyuki kwenye bomba la moshi. Kule Kibosho tulikuta nyuki, na kazi ikasogezwa hadi alipopatikana mtu wa kuwahamisha.

Baada ya hapo rudi swali la 3, na nyundo.